Mtaa Usio na Kaburi

Kopo liligonga ndoo ng'ambo ya ukuta, bado giza. Jirani yangu Maduhu ananawa. Nikajifunga kanga, nikachukua daftari na simu ya kumulika, nikatoka mbio. Akishaingia kiwandani kupakia magunia ya kahawa humpati tena mpaka jioni, na orodha ilitakiwa saa tatu asubuhi.

"Kaka Maduhu, nimefuata majina ya watoto."

"Mama Tuku, hata uso sijafuta."

"Ni watatu tu."

"Hao wako kwenye daftari la kwetu, Momba. Mtu huandikwa ng'ombe wake waliko. Hapa sisi wapita njia."

"Mpita njia gani wa mwaka wa kumi na moja?"

Akacheka, akaendelea kunawa. Mimi sikucheka. Wiki nzima nilikuwa nameza jibu hilohilo. Wanawake wanaochambua kahawa wakaniambia kwao Isongole. Fundi baiskeli, kwao kijijini Ruanda. Mtaa wetu wa Kinuni una nyumba mia na kitu, na hauna hata kaburi moja. Mtu akifa tunachangishana gari arudishwe kwao. Asiyetaka kuzikwa hapa, utamwambia nini kuhusu shule?

Na shule ndiyo niliyoitaka. Kata ilisema tukifikisha watoto arobaini walioandikwa mtaani kwetu, tutapewa shule shikizi, tawi dogo la shule kubwa, kwenye ghala tupu la hapa mtaani. Tusipofikisha, Januari binti yangu Tukuswiga, miaka sita, ataanza kuvuka barabara ya malori ya Tunduma, asubuhi na mchana. Mwenyekiti alinipa daftari kwa sababu nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni. Nilidhani kazi ni kuandika. Kumbe ni kubembeleza.

Nyanzobe, mke wa Maduhu, akasema kutoka ndani, "Waandikishe, baba. Wakigongwa na lori, hao ng'ombe watakuja kulia?"

Maduhu akafuta uso taratibu. Kisha akanitajia majina, moja moja.

Saa tatu nilikuwa kwa mwenyekiti, mzee Osea, Tukuswiga nimemshika mkono. Mzee alihesabu kwa kidole, akarudia.

"Thelathini na tisa. Mbona wa kwako simwoni?"

Nilitazama chini. "Yupo Ihanda, mzee. Kwenye daftari la kule, kwa mama yangu."

"Ihanda?" Alivua miwani. "Wiki nzima umegombana na watu, na wa kwako umemficha Ihanda?"

Sikumficha. Nilimwandikisha alipozaliwa, hata sikufikiri. Kule kuna kahawa ya babu yake na makaburi yetu. Hapa kuna chumba cha kupanga. Lakini Maduhu naye ana ng'ombe, na nilikuwa nimemsuta.

"Mtoto haandikwi pawili," mzee alisema. "Ukimweka hapa, kule anafutwa. Mama yako utamweleza."

Nilimwona mama akilini, akisikia hilo. Atauliza kama nimewakataa. Nilishika kalamu, nikairudisha mezani.

Mzee akaona nimekwama, akainama kwa Tukuswiga. "Haya, mjukuu. Kwenu wapi?"

Mtoto akanitazama, akautazama mlango, kule nyumba yetu iliko.

"Mimi nalala hapa."