Samaki wa Bibi Harusi

Ifahamike kwa wote, wenye mashine na wenye mbuzi, kwamba katika mwezi wa Juni mwaka 2004, mjini Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, palifanyika pambano kuu kati ya mazingira mawili ya eneo-kazi, juu ya mfumo-endeshi wa chanzo huria, mbele ya mashahidi wenye heshima. Mashahidi walikuwa watatu, mmoja wao kuku, na pambano lilipofika kileleni wote walikuwa wamelala kifudifudi chini ya meza.

Odette, mpiga chapa wa duka, alikuwa wa mwisho kulala. Bomu la kwanza lilipopasuka ng'ambo, upande wa Bukavu, vidole vyake vilikuwa juu ya herufi, kwenye jina la mia na themanini na saba la orodha ya wakimbizi. Alilimaliza kwanza.

“Lala, Maman Odette! Lala chini!” alifoka Mzee Munyemana, mwenye duka la uchapaji, akiwa tayari chini ya meza na kuku wa jirani kwapani.

“Jina lilibakiaka moya tu, Papa.”

“Ile jina itakuua!”

La pili likapasuka. Kioo cha dirisha kilitetemeka kama meno ya mtu mwenye homa. Odette akajitupa sakafuni, akaweka shavu kwenye saruji baridi. Chini ya meza ya jirani alilala Tumukunde, binti wa Munyemana, mwenye miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni, msichana wa nidhamu isiyotiliwa shaka, aliyekuwa nyumbani wiki ya tatu kwa sababu za kiafya: afya ya padri msimamizi wa nidhamu.

Odette alihesabu milipuko, na baada ya kila mlipuko alimfikiria mama yake.

Odette alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi Wanyarwanda, kama nusu ya watu wa mtaa ule. Mwaka wa tisini na nne aliporudi Rwanda, mama yake, mzee Nyiramahoro, alikataa kuja. Alikuwa na nyumba Kadutu na migomba kumi na mmoja, na migomba haina miguu. Wiki hii risasi zilimtoa kule binti yake alikoshindwa kumtoa. Alivuka daraja la Rusizi ya Pili pamoja na mamia wengine, wakawekwa kwenye uwanja wa forodha, usiku mbili, juu ya changarawe.

Amri ya maofisa ilikuwa fupi. Mwenye ndugu upande huu atachukuliwa na ndugu yake, mradi jina lake liko kwenye orodha iliyopigwa chapa na kugongwa muhuri. Orodha ya mkono haikubaliwi, kwani ya juzi ilirudi na majina yaliyoongezwa kwa kalamu za rangi tatu. Wasio na orodha watapandishwa lori saa sita mchana, kwenda kambi ya mbali, huko ambako hata barua hufika imechoka.

Asubuhi Odette alimwona mama yake kupitia uzio. Alikuwa amekaa juu ya dumu la maji, anapumua kama mtu aliyepanda mlima kwa mbio. Kwenye orodha ya mkono, ambayo Odette alipewa aipige chapa, alikuwa nambari mia na sitini na tatu.

Basi hiyo ndiyo kazi iliyoangukia pambano. Duka lilikuwa na kompyuta mbili, mapacha, kuukuu, zilizotoka Ubelgiji zikiwa na kumbukumbu ndogo. Fundi Akilimali wa Bukavu alikuwa amefuta mfumo wa zamani ulioliwa na virusi, akaweka Linux, na ndani ya Linux mtu anajichagulia sura ambayo mashine yake itavaa. Ya kwanza ilivaa sura nzito: vivuli, vitufe vinavyorukaruka, rangi za pipi. Ukiiacha dakika tano bila kuigusa, samaki wa dhahabu walijitokeza wakaogelea kwenye kioo. Odette aliiita Bibi Harusi, kwa kuwa ilichukua dakika saba kuvaa. Ya pili ilikuwa ya kijivu, mstari mmoja chini, basi. Ilifunguka kabla hujakaa vizuri. Munyemana aliiita Mfukara.

“Mteja anakulaka na macho,” alisema Munyemana. Duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa na kompyuta yenye picha ya kilima cha kijani, na kilima kile kilimkosesha usingizi. “Akiona Mfukara atasema hapa tuko tunakufa.”

“Mteja anataka barua yake, Papa. Na Bibi Harusi anakoroma.”

Kweli alikoroma. Kila ukihifadhi kazi, diski ilisaga dakika mbili nzima, herufi zikakataa kutoka. Wakakubaliana zishindane kwa siku moja ya kazi, na itakayoshinda ndiyo itakayovaliwa na zote mbili. Siku ikaja na orodha mkononi. Munyemana akaamuru orodha ipigwe kwa Bibi Harusi, maana printa ilifungwa kwake. Odette alitazama saa, akapiga hesabu ya kukoroma, akaamua kwamba atahifadhi mara moja tu, mwishoni.

Milipuko ilinyamaza saa tano kasorobo. Waliinuka wakijipapasa kama watu wanaohesabu viungo vyao. Odette akageukia kioo cha Bibi Harusi.

Hapakuwa na orodha. Hapakuwa na vivuli wala pipi. Kioo kilikuwa cheusi, kimejaa mistari myeupe ya Kiingereza na namba zisizo na maana, na katikati neno moja alilolijua kwa sababu Kifaransa nacho kinalo: panique, yaani hofu kuu, japo hapa limekatwa mkia.

Mkono wake uliinuka wenyewe.

“Usiguse!” Munyemana alimdaka kifundo. Kidole chake kingine kilielekea ukutani, kwenye karatasi ambayo Akilimali aliiandika kwa wino mwekundu siku ya kwanza: MASHINE IKIKWAMA, USIGUSE KITU. UNIITE. “Akilimali alisemaka nini? Ukigusa, bintu byote binapotea!”

“Basi mwite, Papa! Mwite!”

Munyemana alipiga simu. Akilimali alikuwa Bukavu, huenda chini ya kitanda, na simu yake ilikuwa imekufa tangu juzi. Alipiga tena. Alipiga mara nane, akisikiliza sauti ileile ya mwanamke ikimwambia ajaribu baadaye.

Odette alikaa mikono mapajani, akitazama weusi ule. Majina mia na themanini na saba yalikuwa mle ndani, au hayakuwamo. Aliogopa kupumua karibu na meza. Taa ya dari ilipepesa, kama kawaida yake, na moyo wake ukapepesa nayo. Umeme ukikatika hata neno la panique litakwenda. Huko chini honi ya lori ililia, ndefu.

“Banaanza kupakia,” alisema kwa sauti ndogo.

“Saa sita haiyafika.”

“Banaanza na bazee, Papa. Bazee banapandaka polepole.”

Tumukunde, mashahidi wote watakubali, alikuwa ametulia kuliko wote. Alisimama ukutani na rangi ya majivu usoni, akatafuna ukosi wa sweta ya shule. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili baba yake alimtazama, akaufunga.

Saa tano na dakika kumi Odette alisimama. Alibeba karatasi za orodha ya mkono, zilizonuka moshi, akaketi mbele ya Mfukara, akabonyeza. Kabla kiti hakijaacha kulia, ukurasa mweupe ulikuwa umefunguka. Akaanza upya, jina la kwanza, la pili, la tatu. Mfukara hakukoroma. Kila alipohifadhi, ilikuwa kama kupepesa jicho. Alipiga bila kutazama vidole, midomo ikinong'ona majina ya watu asiowajua, akiwasukuma mmoja mmoja ili amfikie mmoja.

“Saa iko ngapi?” aliuliza bila kugeuka.

“Tano na ishirini na tano.”

Alikuwa kwenye hamsini na nne.

“Papa, sitafika.”

“Utafika, maman. Andika.”

“Sitafika. Na printa iko kwa ule mwingine. Tutaifungua kule, tuifunge hapa, na ni Akilimali tu anajua.” Sauti ilivunjika, vidole vikaendelea. “Mama atafia mu camion, mu ile lori. Hatafika kule. Mapafu yake haitafika.”

Ndipo likatokea jambo ambalo watu wa imani waliliita muujiza. Tumukunde, akienda kumletea Odette maji, alijikwaa mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kujikwaa, akaangukia meza ya Bibi Harusi kwa kiwiko.

“Weye mutoto!” Munyemana alishika kichwa.

Kioo kikapepesa. Weusi ukaondoka kama shuka lililovutwa, na orodha ikawa pale, vivuli, pipi na yote, kishale kikimeta baada ya jina la mia na themanini na saba.

Odette alipiga yowe, akarudi kwenye kiti chake. Safari hii alihifadhi, akangoja dakika mbili za kukoroma akiwa ameziba masikio. Jina la mwisho lilikuwa la mia na tisini na tisa. Printa ilianza kukwaruza saa sita kasoro dakika kumi na mbili, mstari kwa mstari, nayo haikujua haraka ni nini. Karatasi ya tano ilipotoka alizinyakua zote zikiwa bado na masikio yake ya matundu pembeni, akatoka mbio. Pikipiki ilimshusha mlimani huku kanga yake ikipepea nyuma.

“Munaona?” Munyemana alimwambia kuku, kwa kukosa mteja. “Bibi Harusi alikufa, akafufuka! Mfukara anaweza ile? Pambano imekwisha!”

Odette alifika kwenye uwanja wa forodha lori likiwa limejaa na injini inanguruma. Mama yake alikuwa hewani. Vijana wawili walikuwa wamemshika kwapani, mguu mmoja tayari juu ya ubao wa lori.

“Mumuache! Jina yake iko hapa! Mia na sitini na tatu! Angalia, afande, mia na sitini na tatu!”

Ofisa alitafuta kwa kidole, taratibu, tangu juu. Alitafuta kama mtu asomaye kitabu kizuri. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akagonga muhuri, na vijana wakamshusha mzee Nyiramahoro. Lori likaondoka. Ndala yake moja ilibaki juu ya ubao, ikaenda nalo. Pamoja na ndala zilikwenda familia nne ambazo majina yao yalikuwemo kwenye orodha na ndugu zao walikuwa njiani kuja; bazee banapandaka polepole, lakini hao hawakuwa wazee, walikuwa wamepanda upesi.

Saa kumi alasiri duka lilikuwa na jua la upande mmoja. Mzee Nyiramahoro aliketi kwenye benchi ya wateja, amefunikwa blanketi, anakunywa uji kwa sauti. Munyemana alikuwa mlangoni akisimulia ufufuko kwa mtu wa tatu, na katika simulizi hiyo Bibi Harusi alikuwa amekufa saa nzima.

Odette aliketi mbele ya Bibi Harusi. Hakuwa na kazi. Aliweka mikono mapajani, akatazama kioo.

“Unafanya nini, Maman Odette?” aliuliza Tumukunde, kwa heshima zote.

“Niko nangoja.”

“Unangoja nini?”

“Samaki.”

Dakika moja. Mbili. Nje pikipiki ilipita. Ng'ambo mlipuko mmoja, mbali, kama mlango uliofungwa kwa hasira. Mzee Nyiramahoro aliacha kunywa, kisha akaendelea. Tatu. Nne. Kwenye dakika ya tano kioo kikafa: weusi, mistari myeupe, panique.

“Usiguse!” alilia Munyemana kutoka mlangoni.

Odette hakukitazama kioo. Alikuwa amemgeukia Tumukunde muda mrefu.

“Samaki iko wapi, Tumukunde?”

Hapa mwandishi wa habari hizi ameishiwa na maneno makubwa. Tumukunde ni mimi. Picha za kulala za mashine, kama wale samaki, ziko nyingi kwenye orodha yake, na mojawapo imetengenezwa kuiga mashine iliyokufa, kwa mzaha wa watu wasio na kazi. Niliwaondoa samaki usiku wa kuamkia pambano. Nilitaka baba aone Bibi Harusi akifa mbele ya mteja, amwache, Mfukara ashinde, Maman Odette apumzike kutokana na mkoromo ule. Risasi sikuzipanga mimi. Lakini nilipoinuka kutoka chini ya meza nilijua, kwa kutazama mara moja tu, kwamba kugusa herufi moja kungetosha. Nilijua dakika ya kwanza, na ya kumi, na ya thelathini. Baba alikuwa ameapa kwamba nikifanya utundu mmoja zaidi sitarudi shule, nitakwenda kijijini Rwimbogo kupalilia mihogo. Nikaipima mihogo ile na mapafu ya bibi wa watu, kwa dakika arobaini, kwenye saa ya ukutani.

Nilimwambia Maman Odette hivyohivyo, kwa mpangilio huohuo, baba akisikia.

Maman Odette alisogeza kiti chake nyuma, akanionyesha herufi kwa kidevu. Nilinyoosha mkono. Ulikawia juu ya herufi, nami nilijua vizuri kabisa kwamba hapakuwa na cha kuogopa humo. Kwenye benchi, mzee Nyiramahoro aliuvuta mguu usio na ndala chini ya blanketi, akangoja naye aone kitakachotokea.