Chupa Mbili za Wodi ya Zamani

Mimi kuhama sikutaka, na nilimwambia kila mwenye masikio. Miaka thelathini na moja nimezalisha kwenye wodi hii. Paa linavuja, friji ilikufa zamani, na watoto wanatoka wazima. Eti leo tukajibanze kwenye hospitali mpya pamoja na watu wa mifupa, wa macho na wa moyo, wote geti moja! Ndiyo nini?

Asubuhi ya kuhama wazazi wote walishapandishwa kwenye gari la wagonjwa, isipokuwa binti yangu, kitinda mimba wangu, aliyekuwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Mchukuzi wetu, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kukimbia, alisimama mlangoni.

"Mama, gari linaondoka. Nafasi ya binti yako ipo."

"Nenda na vitanda vyako. Nilimzaa hapa, na yeye atazalia hapa hapa."

"Haya, basi tupe chai ya njiani."

Nilikuwa nimefura. Nikanyakua chupa dirishani, nikamsukumia kifuani. "Kunyweni, mniache!"

Nisijitetee: muda wa kumfikisha kule ulikuwepo. Nilitaka tu mtoto wa mwisho wa wodi ile awe mjukuu wangu.

Saa nne na nusu akatoka, dume zima, analia kama anadai haki yake. "Karibu, mume wangu! Mbona umechelewa?" nikamtania, na binti yangu akacheka. Kondo la nyuma nalo likatoka vizuri.

Kisha damu ikaja. Nikakanda tumbo, nikamwekea mtoto titi mdomoni, nikakanda tena. Damu haikukatika. Ilipita kwenye shuka, ikaanza kudondoka sakafuni.

Tangu friji ife, sindano za kukaza mji wa mimba tunazitunza kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Chupa zetu mbili zinafanana, ila ya dawa ina plasta kwenye mkono. Nikaikimbilia iliyobaki dirishani, nikafungua.

Mvuke ukanipiga usoni.

Ilikuwa chai. Yallah! Nimezalisha maelfu, lakini sijawahi kuogopa vile. Nikamrudia mwanangu, nikaikandamiza ngumi yangu juu ya kitovu chake kwa uzito wangu wote, na kwa mkono mwingine nikampigia Taratibu.

Akapokea anacheka. "Mama, chai gani hii? Barafu na vichupa!"

"Rudi! Mwanangu anakufa! Njoo na chupa, njoo na daktari yeyote!"

Simu ikakatika. Wodi tupu, kimebaki kitanda chetu kimoja, kuta zina alama tu za mahali vingine vilipokuwa.

"Mama, naona giza," binti yangu akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Niangalie mimi. Usilale, nakukataza!" Nilikuwa nikifoka kwa sababu nilitaka kulia.

Dakika ishirini na mbili. Mkono ulikufa ganzi, sikuutoa. Kisha nikasikia mtu anakimbia ukumbini. Taratibu anakimbia! Nyuma yake alikuwapo daktari wa usingizi, ambaye Taratibu alimkuta kwenye geti la hospitali mpya. Sindano ikaingia, gari likaondoka mbio, nami ngumi yangu haikubanduka tumboni mwake hadi hospitali mpya. Chumba cha upasuaji na benki ya damu vilikuwa mlango kwa mlango. Nilihesabu hatua tisa.

Jioni alifumbua macho. Nilikuwa nimempakata mjukuu.

"Daktari anasema bila ngumi yako ningekufa," akanong'ona. "Asante, Mama."

Ningeweza kunyamaza. Taratibu asingesema.

"Nafasi yako kwenye gari ilikuwepo," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuzuia. Na dawa niliitoa kwa mkono wangu, kwa hasira."

Alinitazama. Niliogopa macho yale kuliko damu.

"Nipe mwanangu," akasema.

Nikampa.