Amekula Vizuri

Kwa miezi minane mfululizo mhariri wa jarida la umoja wa mashirika ya huduma za jamii alimchekea mwanamke ambaye, laiti angeachiwa, angemtafuna mbichi. Alimsalimu kwa mikono miwili, alimvutia kiti, alimwita "mama" na kumsifia katika kila toleo. Wenzake ofisini wakanong'ona kwamba anajikomba. Mwacheni aonekane anajikomba. Alikuwa anampandisha ngazi makusudi, ili siku ya kuanguka aanguke kutoka juu na watu wamwone.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa nyumba kubwa ya kutunzia wazee, ile yenye ghorofa na bustani mbele. Watu wa huduma za jamii walimpachika jina la Mama Tabasamu, maana hakuna kamera iliyopata kumkuta amefunga mdomo. Ukimtembelea utaoneshwa bustani, utaketishwa sebuleni, utapewa juisi, na kabla hujauliza habari za ghorofa ya juu utajikuta uko getini, mkononi kalenda yenye picha yake. Huko juu, kitanda cha pili kutoka dirishani, ndiko alikofia mama yake mhariri. Mkurugenzi hakulijua hilo. Mzee aliandikishwa na kaka mkubwa wa mhariri, mhariri mwenyewe alikuwa anakuja Jumapili, na Jumapili Mama Tabasamu hakuwa mtu wa kuonekana kazini.

Mama alikuwa na kifua kibovu. Alitakiwa kuinuliwa na kukalishwa kila baada ya saa moja, asije akapaliwa na makohozi yake mwenyewe, na agizo hilo la daktari lilibandikwa ukutani juu ya kitanda. Alikutwa amekufa saa saba mchana. Daktari aliyeitwa akaandika kwamba roho ilikuwa imetoka tangu saa tatu asubuhi.

"Alikuwa mgonjwa, mdogo wangu," kaka mkubwa alisema wakati wa msiba. "Tushukuru kapumzika."

Huenda mhariri naye angeshukuru, akalia, yakaisha. Lakini Jumamosi moja, miezi miwili baada ya mazishi, aligongewa mlango wa nyumbani na mhudumu mmoja wa ile nyumba, mwanamke mwembamba ambaye wenzake walimwita Chapuchapu kwa jinsi alivyokuwa akitembea kama anayekimbizwa. Alikuwa na mfuko wa nguo za marehemu uliosahauliwa. Katikati ya nguo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa karatasi ya matunzo, ile inayoning'inizwa miguuni mwa kitanda, yenye saa upande wa kushoto na visanduku vya kutia tiki upande wa kulia. Tarehe ilikuwa ya siku ya kifo. Mhariri aliisoma akiwa amesimama. Saa nne: ameinuliwa, amekunywa maji. Saa tano: ameinuliwa, mchangamfu. Saa sita: amekula vizuri, amemaliza. Saa kumi: ameota jua. Tiki zilishuka moja baada ya nyingine hadi saa kumi na mbili jioni, na kila tiki ilikuwa na herufi mbili zile zile pembeni.

"Nani kajaza hii?"

"Mimi, dada." Chapuchapu alikuwa anaangalia sakafu. "Tunajaza ya siku nzima asubuhi tukiingia. Ukisema usubiri saa ifike, hata kalamu huishiki. Wote tunafanya hivyo. Ila siku ile, dada, siku ile sisi tuli—"

"Sitaki kusikia."

"Dada, nisikilize kidogo tu."

"Nimesema sitaki! Umemlisha maiti, unataka nikusikilize nini?"

Chapuchapu alisema ameileta kwa sababu usingizi umemkimbia, na anayejua kuandika ataona la kuifanyia. Aliomba jambo moja tu, zile herufi za jina lake zifutwe kabla karatasi haijaonwa na mtu. Alikuwa na watoto watatu na hakuwa na kazi nyingine. Mhariri akamwahidi, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Kuanzia hapo kazi ikawa kungoja. Na alivyokuwa na bahati, Mama Tabasamu mwenyewe akamletea nafasi mezani. Alikuwa ameanzisha kampeni iliyoitwa Tuaminiwe, ya kuidai wizara iache kutuma wakaguzi wa kushtukiza kwenye nyumba za wazee, za watoto na za wenye ulemavu. Kila nyumba ijikague yenyewe, kwa karatasi zake yenyewe. Mkutano mkuu ulikuwa unakaribia, mkurugenzi alikuwa anagombea uenyekiti wa umoja peke yake, na akishapita tu maombi yangepelekwa wizarani kwa niaba ya mashirika yote. Yaani kila mama wa kila mtu angebaki na zile tiki tu. Ndiyo maana mhariri alipojiuliza kama anachofanya ni kisasi au ni utetezi, alijijibu kwamba ni vyote viwili, na kwamba kisasi kimetangulia.

Toleo maalumu la mkutano lilihitaji mahojiano na mgombea. Walikutana ofisini kwa mkurugenzi, kiyoyozi kikiunguruma.

"Andika hivi, mwanangu," mkurugenzi alisema akijipepea hata hivyo. "Karatasi zetu hazisemi uongo. Kiwe ndicho kichwa cha habari. Halafu uweke na mfano wa karatasi moja, watu waone tunavyochapa kazi."

Mhariri aliandika neno kwa neno.

"Niweke ipi, mama?"

"Yoyote. Zote safi."

"Yoyote kabisa?"

"Ala! Mbona unanihoji kama polisi? Nimesema yoyote."

Jarida lilikuwa na kanuni yake ya tangu zamani. Habari ya shirika lolote haiendi kiwandani kuchapwa mpaka mkuu wa shirika hilo asaini nakala ya mwisho, ukurasa kwa ukurasa. Mhariri angeweza kutafuta njia ya kuikwepa. Hakutaka. Alimpelekea mkurugenzi kurasa zote nane mkono kwa mkono, akakaa kitini mbele yake. Mkurugenzi alivaa miwani, akaangalia picha. Kwenye ukurasa wa tatu shingo yake ilionekana imekunjamana, akaagiza ibadilishwe. Kisha simu ikaita, akaanza kucheka na mtu huku mkono ukisaini. Ukurasa wa nne. Ukurasa wa tano, ambao nusu yake ilikuwa karatasi ya matunzo, nusu nyingine hati ya daktari, na chini yake sentensi moja kwa herufi nene: Mwenye kitanda hiki alifariki saa tatu asubuhi ya siku hiyo hiyo. Alisaini, tena kwa mbwembwe, akamalizia na kistari chini. Ukurasa wa sita.

"Asante, mama," mhariri alisema.

"Shingo tu usiisahau."

Sasa tuseme na lile lisilopendeza. Kabla ya kutengeneza nakala ile, mhariri alikuwa amezifunika zile herufi mbili kwa vipande vya karatasi nyeupe, kimoja kimoja, kama alivyoahidi. Akakaa akiitazama ile mistari. Amekula vizuri. Ameota jua. Mkono ulioandika haya ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anakula, analala, anawapeleka watoto shule. Hasira ikampanda hadi masikioni. Alimchukia Chapuchapu. Alimchukia zaidi kwa kuwa alikuja kwake na macho ya huruma. Akabandua vipande vyote, akavitupa kwenye ndoo ya taka, na hakujisikia vibaya hata kidogo.

Siku ya mkutano jarida liliwekwa juu ya kila kiti. Ukumbi ulijaa wakuu wa mashirika, maofisa ustawi wa jamii, waandishi wawili watatu. Mkurugenzi alikuwa amewaleta wahudumu wake wawatilie wageni maji, wote ndani ya sare, na miongoni mwao alikuwepo Chapuchapu na jagi lake. Mhariri alikaa safu ya tatu, nakala yenye saini kwenye mkoba, na kuhesabu ni wangapi wameshafika ukurasa wa tano.

Mkurugenzi alikuwa anasema "sisi ndio macho ya wazee wetu" wakati minong'ono ilipoanza. Kurasa zikafunuliwa kwa fujo. Mama mmoja wa safu ya mbele, mkuu wa kituo cha watoto, akasimama bila kuomba ruhusa.

"Samahani, mkurugenzi. Ukurasa wa tano. Hebu tufafanulie."

Mkurugenzi akafunua. Lile tabasamu lilibaki usoni sekunde kadhaa, halina pa kwenda.

"Hii sikuiidhinisha mimi!"

Mhariri akasimama, akainua nakala juu, ukurasa ukiwatazama watu.

"Hii si saini yako, mama?"

"Nilisaini bila kusoma!"

"Kama karatasi zenu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhariri alikisikia kile kicheko kikimshuka kooni kitamu, akatamani mama yake angekuwepo akisikie. "Mzee wa kitanda hicho alinizaa mimi," alisema.

Lakini Mama Tabasamu hakufika pale alipofika kwa ubwege. Aliinamia ukurasa, kidole kikashuka na ile mistari, kikasimama pembeni. Alipoinua uso ulikuwa na machozi ya kutosha.

"Pole sana, mwanangu. Ndugu wajumbe, unyama huu una mwenyewe, na herufi za jina lake ziko hapa. Yumo humu ndani." Akanyoosha mkono. "Wewe! Kuanzia sasa si mfanyakazi wangu, na polisi watakufuata. Mnaona, ndugu zangu? Hivi ndivyo tunavyojikagua wenyewe!"

Makofi yakaanza. Machache, kisha mengi. Mhariri ndiye aliyempa yule mama mlango wa kutokea. Alimfungulia kwa mikono yake mwenyewe siku alipovitupa vile vipande kwenye ndoo.

Chapuchapu akaweka jagi chini. Kwa mara ya kwanza tangu afahamike alitembea polepole, mpaka kwenye kipaza sauti cha wajumbe, na mwenyekiti wa kikao hakuwa na uso wa kumzuia.

"Ni mimi niliyejaza," alisema. "Sikatai. Asubuhi ile tuliingia zamu watu saba. Saa mbili watu sita wakaambiwa wavae sare mpya washuke bustanini kupigwa picha. Nikabaki peke yangu na wazee thelathini na wanne. Kengele zinalia juu, zinalia chini. Mzee mmoja kaanguka chooni, nahangaika naye. Nikakimbia bustanini, nikamwomba mkurugenzi anirudishie hata mmoja. Akaniambia niondoke, aproni yangu chafu inaharibu picha. Mlikuwepo," aliwageukia wenzake wa majagi. "Semeni kama naongopa."

Wawili wakaitikia kwamba ni kweli. Mmoja akaanza kulia.

"Nilimfikia bibi saa saba," Chapuchapu aliendelea, na sasa alikuwa anamtazama mhariri. "Na hizo picha zilikuwa za jarida lako, dada. Barua yako ilibandikwa kwenye ubao wetu wiki nzima. Ilisema wanatakiwa wahudumu wasiopungua sita, sare safi, wenye nyuso za furaha, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Nilikuja nikueleze. Ukakataa kunisikia."

Barua hiyo mhariri aliijua neno kwa neno. Alizipelekea nyumba zote kumi na mbili barua ile ile, akaziachia kila moja ichague siku, akamtuma mpigapicha na kuendelea na shughuli zake. Picha ya bustanini ilipofika mezani yeye alikuwa ametoka matangani. Haikuwa na tarehe. Aliiweka jalada la mbele kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Yaliyofuata yalikuwa yale yale aliyoyangoja miezi minane. Mkuu wa kituo cha watoto alitaka jina la mgombea liondolewe, na mikono ikainuka ukumbi mzima. Maombi ya kampeni yakachanwa mbele ya wajumbe. Mama Tabasamu aliondoka kwa mlango wa pembeni akiwa amefunika uso kwa jarida, waandishi wakimfuata kwa kamera, na safari hii alikuwa amefunga mdomo. Mhariri alitazama yote hayo yakipita na kushindwa kuyafurahia.

Alimkimbilia Chapuchapu barazani. Mwanamke alikuwa anavua aproni.

"Dada, zile herufi niliziacha makusudi," mhariri alisema. "Nakuomba radhi."

"Najua uliziacha makusudi. Unajua kufuta, ndiyo kazi yako." Akaikunja aproni, akamwekea mkononi. "Kwangu kisasi umeshalipiza. Kwaheri."

Kaka mkubwa alipiga simu jioni, sauti juu. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mdogo wangu, umemkomesha! Kwisha kazi!"

"Bado mmoja, kaka."

"Nani tena?"

Mhariri alikuwa ofisini, ile barua yake ya kuomba picha ikiwa imefunguliwa mbele yake, ichapwe kwenye jalada la toleo lijalo. Alimsomea kaka yote, tangu "tunawasalimu" hadi jina la aliyesaini. Kisha akamweleza siku ambayo wahudumu walishushwa bustanini.

Kaka akaomba asomewe tena mstari wa wahudumu.

"Na wewe ndiye uliyeandika wawe sita?"

"Ni mimi."

Kaka akakata simu.