Afadhali Kessler

Reino Lahti alikuwa amelala kifudifudi juu ya kipande cha zulia, bunduki begani. Akatoa pumzi, akafyatua. Kule mwisho wa uwanja karatasi ya shabaha haikutikisika. Eino Saari, aliyekaa pembeni kwenye kiti cha kukunja na darubini machoni, akacheka kwa pua.

"Umeua mti," alisema. "Kulungu anakusalimia."

"Upepo huo."

"Upepo umekukosea nini? Ni macho yako hayo. Nenda kapimwe."

"Wapi?"

 Eino alishusha darubini, akajisugua mkono wa kushoto, akasema baridi ya mwaka huu imeanza mapema.

Reino akakaza skrubu ya kilengeo, akapiga tena, safari hii ikaingia. Risasi zilizobaki akazirudisha mfukoni. Zamani, Jumamosi kama hiyo, wanachama wa klabu ya bunduki ya Ahola walikuwa wakilenga shabaha mpaka mchana. Sasa risasi zimepanda bei mpaka mtu anapiga chache za kuipima bunduki yake, basi. Msimu wa kuwinda kulungu ungefunguliwa katikati ya Novemba. Reino aliendesha gari la kusukuma theluji la kaunti, na kaunti ilikuwa imempunguzia saa za kazi. Kwake kulungu mmoja ni nyama ndani ya friza mpaka majira ya kuchipua. Nyama ya ng'ombe yeye na mkewe waliitazama tu dukani, wakasogeza toroli.

"Twende ndani," Eino alisema. "Duane keshaanza kukohoa, mkutano unaanza."

Ukumbi wa klabu ulikuwa chumba kimoja cha magogo chenye jiko la kuni, meza ndefu na vichwa vya kulungu ukutani. Mtu alikuwa ameleta pasti za kuoka zilizojazwa nyama na viazi, bado za moto, zimefungwa kwenye taulo. Duane Maki, mwenyekiti, alisimama karibu na bango lililoegemezwa ukutani. Liliandikwa KESSLER, jina la mbunge wao, kwa herufi nyekundu.

"Jumanne ni uchaguzi," Duane alisema. "Swali ni moja. Tunalisimamisha hili barabarani kwa jina la klabu, au hatulisimamishi?"

"Hatulisimamishi," alidakia Cody, fundi magari. "Kessler katuuza. Mwaka jana kainua mkono kupitisha sheria ya kufungia bunduki kabatini. Sasa mwizi akija nyumbani kwangu nimwambie subiri kaka, natafuta ufunguo?"

Watu wakacheka.

"Na yule mama Pryor, mpinzani wake, je?" Duane aliuliza. "Amesema wazi kwenye redio. Bunduki za kufyatua mfululizo zote zirudishwe serikalini. Akimaliza hizo atakuja kwenye hizi zetu."

"Mimi nitakaa nyumbani. Simtaki huyu, simtaki yule," Cody alisema.

Eino alikuwa akitia kuni jikoni. Akageuka, kipande cha mbao mkononi.

"Sikiliza, kijana. Mmoja anataka kuweka kufuli kwenye bunduki yangu. Mwingine anaitaka bunduki yenyewe. Mimi nachagua kufuli. Kessler simpendi, hata mbwa wangu hampendi. Lakini afadhali Kessler."

"Afadhali, afadhali," Cody alisema. "Miaka yote mnaniimbia huo wimbo."

"Ukipata mwingine mzuri niletee. Mimi nimengoja tangu nina nywele."

Tammy Wirtanen alikuwa amekaa kwenye kona na kikombe cha kahawa. Alikuwa muuguzi wa hospitali ya mji mpaka ilipofungwa mwezi Aprili. Siku hizi anauza sigara na tiketi za bahati nasibu kwenye kituo cha mafuta. Kwa shabaha hakuna mwanamume wa klabu ile aliyemfikia, na hakuna aliyependa kulisema hilo.

"Hospitali je?" aliuliza.

Duane akashusha pumzi. "Tammy."

"Nauliza tu. Fedha zilizokuwa zinaiendesha, Kessler ndiye aliyepiga kura zikatwe. Hata barua ya pole hakutuletea."

"Hii ni klabu ya bunduki, dada yangu. Siyo bodi ya hospitali."

"Sawa. Pryor anasema ataifungua."

"Kwa hiyo umpe bunduki yako akupe kitanda?"

"Sijasema hivyo. Bunduki yangu naipenda kama wewe ya kwako. Nasema tusijifanye hatujui huyu mtu alichotufanyia."

Reino alikuwa anakula. Mkewe alikuwa na pumu, na usiku Reino akimsikia anavyopumua kwa shida alikuwa akiipigia hesabu barabara ya kwenda Hartwick, ilikobaki hospitali. Lakini pia alijua friza yake ilijazwa na nini. Duane alipomwuliza, "Reino, wewe upo wapi?" alijibu mdomo umejaa, "Nipo kwenye pasti," wakacheka, naye akashukuru kuachwa.

Tammy hakucheka. Alikuwa akimtazama Eino.

"Eino, kaa chini."

"Nimekaa siku nzima."

"Kaa. Umeanza lini kutoka jasho?"

Uso wa mzee ulikuwa umekuwa kama majivu. Alijaribu kukitua kile kipande cha mbao juu ya jiko, kikaanguka. Akasema ni tumbo, ni pasti. Kisha akaporomoka, Reino na Cody wakamdaka.

Simu za mkononi hazishiki kule msituni. Duane akapiga ya mezani. Akasikiliza, akauliza, akasikiliza tena, mgongo kwa watu.

"Ambulensi ipo Hartwick," alisema. "Wanasema watachukua saa moja. Labda pungufu kidogo."

"Ana dakika, hana saa," Tammy alisema. Alikuwa ameshapiga magoti. "Waambie tunakutana nao njia panda ya Copper. Reino, lete pikapu."

Walimlaza nyuma kwenye makoti ya kuwindia, Tammy akapiga magoti ubavuni pake na kuanza kumkandamiza kifua, Cody akimshikilia Tammy asirushwe. Reino aliendesha kama hajawahi kuendesha. Kwenye kioo aliona mabega ya Tammy yakipanda na kushuka.

Walipita hospitali. Hakukuwa na njia nyingine ya kutoka Ahola. Mnyororo langoni, magugu kwenye maegesho, kibao kimefunikwa plastiki nyeusi inayopigapiga kwa upepo. Reino akajikuta amepunguza mwendo, kama mguu umesahau kwamba imefungwa. Cody akagonga kioo kwa ngumi. Reino akakanyaga mafuta tena.

Njia panda walingoja. Ambulensi ilipofika, vijana wawili wasiowajua wakashuka, wakamfungua Eino shati, wakabandika waya zao, wakatazamana. Mmoja akatazama saa yake, akautaja kwa sauti muda wa kifo, mwenzake akaandika.

"Nani aliyemhamisha mgonjwa?" aliuliza yule mwenye kalamu. "Utaratibu ni kutomhamisha."

Tammy alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara. "Andika Tammy Wirtanen," alisema. "Andika nilikuwa muuguzi."

Tammy na Cody wakabaki na Eino. Reino akatembea mpaka simu iliposhika, akampigia Duane.

Aliporudi klabuni kuchukua bunduki ya Eino ampelekee mjane, bango lilikuwa limeshasimama barabarani, nguzo zake mbili zimepigwa nyundo kwenye udongo ulioanza kuganda. Duane alikuwa peke yake ukumbini, anakusanya vikombe.

"Tulipopata simu yako tulisimama kimya kumheshimu," Duane alisema. "Wengine walitaka tuahirishe. Lakini Jumanne ndiyo hiyo. Tukapiga kura."

"Mkamaliza."

"Zilikuwa sawa kwa sawa. Tukahesabu na ya Eino." Duane alimtazama usoni, macho mekundu, alikuwa amelia. "Si ulimsikia mwenyewe? Alisema afadhali Kessler. Ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana."

Ilikuwa kweli. Reino alichukua bunduki na kofia ya kuwindia ya rangi ya chungwa ya mzee, akaondoka.

Helmi Saari alipokea kofia. Bunduki akamwambia aiweke kabatini, na ufunguo aurudishe juu ya fremu ya mlango, ndipo Eino alipopenda ukae. Hakulia mbele yake. Alimwuliza kama mumewe aliumia sana.

"Hapana," Reino alisema. "Alikuwa anabishana."

"Basi alikuwa na raha," Helmi alisema.

Jumanne Reino alipanga foleni kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Ndani ya kibanda alifunua kalamu. Jina la Pryor lilikuwa juu, la Kessler chini yake. Alisimama pale mpaka aliyekuwa kibanda cha jirani akamaliza na mwingine akaingia. Kisha akafunika kalamu, akaipeleka karatasi kwenye mashine ya kuhesabia kura.

Mashine ikalia.

Sheila, msimamizi, aliinamia kioo. "Reino, inasema haina alama hata moja. Labda kalamu imekauka. Rudi kajaze, hakuna haraka."

Watu wakageuka. Nyuma yake alikuwa Duane.

"Kajaze, kaka," Duane alisema taratibu. "Ukiacha tupu ni sawa na kumpa yule mama."

"Ya Eino mlimjazia," Reino alisema. "Yangu niachieni."

Duane akatazama viatu vyake. 

"Kwa hiyo niipitishe hivi hivi?" Sheila aliuliza.

"Ipitishe."

Akabonyeza. Mashine ikaivuta karatasi, namba kwenye kioo ikaongezeka moja, Reino akasogea pembeni ili Duane apite.