Gauni la Kurudi Jumatatu

Mahakama ilipotamka kwamba vile vibao vya "Mali ikiuzwa hairudishwi" havina nguvu yoyote kisheria, muuza magauni alikuwa wa kwanza kushangilia. Alikuwa na pasi mbovu aliyouziwa juzi, na muuzaji alikuwa anamzungusha. Akaenda, akaitua mezani kwa kishindo, akarudishiwa hela zake mpaka senti ya mwisho. Aliporudi dukani akakishusha kibao chake mwenyewe bila hata kinyongo. Mteja akirudisha nguo ndani ya wiki, haijavaliwa na lebo yake ipo, arudishiwe chake. Kuna ubaya gani hapo?

Masikini, hakujua kwamba wifi yake naye anasikiliza redio.

Wifi huyu, mke wa kaka yake, mtaani walimwita Bi Sherehe, maana hapitwi na mwaliko. Ijumaa moja akaja dukani, akachukua gauni, akalipa taslimu bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Jumatatu huyo, gauni mkononi.

"Wifi yangu, halijanikaa. Wala sijalivaa. Lebo hii hapa."

Lebo ilikuwepo kweli, lakini kwapani gauni lilinuka jasho na marashi mpaka mtu apige chafya. Muuza magauni angebisha, ila alimjua kaka yake: jioni ileile angepiga simu, mbona unamdhalilisha mke wangu? Akameza. Wiki iliyofuata likarudi la pili, na kola ina poda. Akameza tena, safari hii kwa shida. Nani anunue gauni lenye harufu ya mtu?

Likabaki la kijani, lenye shanga kifuani. Mtaji wake wote uliobaki ulikuwa ndani ya gauni lile. Likirudi limevaliwa, anafunga duka, basi. Na Ijumaa, Bi Sherehe akanyoosha kidole palepale.

"Hilo."

"Litakupendeza hilo, wifi," muuza magauni akasema, akamfungia vizuri, na roho inamuuma.

Jumamosi akafunga duka mapema, akaenda kwenye harusi aliyojua wifi yake hataikosa.

Bi Sherehe alipoingia ukumbini, shingo zote ziligeuka. Muuza magauni akamkimbilia, akamkumbatia, akapaza sauti mpaka meza ya maharusi ikasikia.

"Jamani, mmeliona gauni? La dukani kwangu hilo! Anayelitaka aseme sasa, Jumatatu linarudi. Wifi yangu huwa ananijaribia tu!" Akapenyeza vidole mgongoni kwa wifi yake, akachomoa lebo, ikaning'inia nje.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Shangazi wa bwana harusi akauliza bei. Jirani yake akadakia, "Niwekee mimi! Ila mwambie asicheze sana, asije akanichania."

"Umesikia, wifi? Na mchuzi uukwepe, mwenyewe anakuangalia."

Bi Sherehe alicheka kwa meno tu.

"Mzushi wewe! Gauni langu hili, nimenunua, halirudi popote."

"Weee! Na lebo je?"

"Nimesahau kuikata!" Akageuka huku na huku, jasho linamtoka. "Hakuna mwenye mkasi hapa?"

Watu wakatazamana. Nani anakwenda harusini na mkasi?

Muuza magauni akafungua mkoba wake.

"Geuka, wifi," akasema. "Nikukatie."