Godoro la Mwalimu Mtandaoni

Bi Dawa hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga dawa ya kunguni, mende na panya katika nyumba za watu. Alipitisha mkono nyuma ya makabati ambako wenye nyumba wenyewe hawakuthubutu kuchungulia, kisha akanawa na kula chakula chake bila wasiwasi. Lakini asubuhi ile, ofisini kwake, kichefuchefu kilimpanda mpaka akailaza simu kifudifudi mezani.

Wiki tatu nyuma shemeji yake, mdogo wa mumewe, alimshawishi kwamba biashara isiyoonekana mtandaoni ni sawa na kutokuwepo. Bi Dawa akampa picha zote za kazi zilizokuwa kwenye simu yake, hata hakuzipitia. Shemeji akamwandikisha kila alikoweza: kwenye ramani ya simu, kwenye orodha ya mafundi, kwenye kurasa za matangazo. Jumla zikawa tisa.

Sasa Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alikuwa amempigia.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "jirani yangu kanionyesha godoro langu kwenye simu yake."

Bi Dawa alilikuta kwenye ukurasa wa nne. Shuka la maua ya zambarau limekunjwa pembeni, kunguni wamejipanga kwenye mshono, na chini pameandikwa: "Tazama uchafu tunaokutana nao." Hapo chini watu watano walimwaga sifa. Mmoja alidai alimpata kupitia ukurasa huo mwaka juzi, na ukurasa wenyewe haukuwa umemaliza mwezi.

Alimwita shemeji.

"Hawa wanaonisifu ni akina nani?"

"Ni mimi, shemeji. Kila mtu anafanya hivyo. Ukurasa mtupu hauvutii."

"Na hili godoro?"

"Halina jina la mtu."

"Lina shuka. Mtaa mzima unalijua, linaanikwa uani kila Jumamosi."

Shemeji alijikuna shingo. "Lakini ukurasa huu ndio unaotazamwa kuliko zote."

"Ndiyo maana nataka kutapika."

Alichukua daftari la kazi, akawapigia wateja ishirini wa karibuni, akimwuliza kila mmoja alimpataje. Kumi na wawili walielekezwa na mtu. Sita walimwona kwenye ramani, wawili kwenye orodha ya mafundi. Kurasa saba zilizobaki hazikuwa zimemleta hata mmoja. Zilikuwa zimewaleta watazamaji tu.

Basi akaamua. Ramani ibaki, kwa kuwa mwenye kunguni hutafuta fundi aliye karibu. Akasahihisha na mahali pa ofisi, maana shemeji alikuwa ameiweka nyuma ya kituo cha mafuta. Orodha ya mafundi ibaki pia, kwa kuwa huko hakuna anayeandika sifa kabla mteja hajathibitisha kazi. Nyingine zifutwe. Mchana kutwa shemeji alihangaika na manenosiri aliyoyasahau, naye Bi Dawa amesimama nyuma yake kama askari. Wenye mtandao wa ule ukurasa wa nne walijibu tu kwamba ombi la kuufuta limepokelewa. Picha ilitoka baada ya siku nne, na kufikia hapo mpiga dawa mwingine alikuwa ameshaichukua, ameitia kwenye tangazo lake.

Walikwenda kwa Mwalimu wote wawili. Aliwakaribisha sebuleni, akaufunga mlango wa chumbani.

"Huku kwetu imetoka," Bi Dawa alisema. "Kwa mwingine bado ipo, tumemwandikia. Nilitoa picha zako bila kukuuliza. Kosa ni langu."

"Niliyeiweka ni mimi," shemeji alisema. "Nisamehe, Mwalimu."

Mwalimu alimgeukia. "Uliingia chumbani kwangu, kijana, ukaniletea na umati nyuma yako."

Hakusema kama amewasamehe. Alimwuliza tu Bi Dawa lini atarudi kupiga dawa ya pili, maana mayai yaliyosalimika dawa ya kwanza yalikuwa yameshaanguliwa.

"Alhamisi asubuhi, Mwalimu."

"Njoo peke yako."

Alikwenda peke yake, simu akaiacha ofisini. Tangu hapo hapigi picha nyumbani kwa mtu. Kwenye ramani ameweka picha ya mlango wa ofisi na pampu yake ya dawa. Shemeji alimwambia picha hiyo imepooza, naye akamjibu kwamba ndivyo anavyoitaka.