Pete ya Mahameni

Mashine ililia mara moja, kwa sauti nyembamba, kisha ikanyamaza. Milembe alisimama papo hapo, mguu mmoja tutani na mwingine nje, akaogopa hata kumeza mate. Tangu asubuhi mashine ile ya kutafutia dhahabu ilikuwa imewalilia kwa misumari, kipande cha jembe na vizibo vya soda. Kila ilipolia moyo wake ulipanda, na kila walipochimba ulishuka. Lakini hapa udongo ulikuwa wa kijivu, laini, mbali kabisa na ule mweusi wa shamba zima. Masalu, mwenye mashine, aliirudisha taratibu juu ya doa lile. Ikalia tena.

"Chimba wewe, dada," akasema. "Mkono wangu leo hauna bahati."

Milembe alichimba kwa vidole. Akatoa kitu cha duara kilichovaa ukungu wa kijani, akakifuta kwa upindo wa kanga, na pale kilipofutika kikang'aa manjano. Pete. Mwalimu mzima, mwenye wanafunzi wanaomwogopa, alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akakaa chini juu ya mabua ya pamba.

Watu wa Shishiyu walikuwa wameshamsema wakachoka. Ati anatafuta mali ya Mjerumani, yale masanduku ya rupia ambayo kila kilima cha Usukumani kinasemekana kimeyakalia. Masalu mwenyewe alikuja kutoka Somanda, mjini Bariadi, kwa tamaa hiyo hiyo. Milembe hakuwa na haja na Mjerumani. Alikuwa anamtafuta babu yake.

Mzee Nyanda alifariki mwaka wa sabini na moja, akazikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake, kama ilivyostahili mwenye mji. Miaka mitatu baadaye kaya zikahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zikabomolewa, ua wa minyaa ukang'olewa, na jembe la kukokotwa likapita juu ya mahame yote bila kuuliza nani kalala wapi. Juzijuzi baba mdogo Maduhu, mtu wa haraka huyo, alichagua mahame mamoja kwa kukisia, akajenga kaburi la saruji lenye vigae vya bluu, akachinja na fahali. Bibi Domitila, mjane wa Nyanda, alipopelekwa kuliona, macho yake bado yalikuwa yanabahatisha mwanga. Hakushuka garini.

"Huyo simjui," alisema. "Nikifa msinilaze kando ya mume wa mtu."

Maduhu alisema mama amechanganyikiwa. Milembe, aliyelelewa mgongoni mwa bibi huyo, alimwamini, na alikuwa anamwona anavyopungua kila wiki. Bibi alikumbuka alama moja tu. Siku ya kuhama, pete yake ya ndoa, pete ya dhahabu aliyovishwa na Nyanda kanisani, ilimponyoka nje ya jiko lake, na lori halikungoja. Ikipatikana pete, umepatikana mji. Ukipatikana mji, zizi halitakuwa mbali, na bibi atajua atakapolala.

Sasa Masalu alikuwa anaigeuza pete juani, macho yamemtoka pima.

"Dada, tazama huku nje. Si taji hili?"

Kweli lilikuwepo, limefifia, linaonekana kwa kuinamisha kichwa tu.

"Taji la Kaizari," Masalu akasema kwa kunong'ona. "Mimi nilijua. Hii ni ya Mjerumani."

Furaha ya Milembe ikaingia mchanga. Ikiwa pete ni ya Mjerumani, basi mahame haya ni ya watu wengine, walioishi na kufa kabla bibi hajazaliwa. Hakutaka kusikia zaidi. Alipanda nyuma ya pikipiki, pete ameifumbata, na wakashika njia ya Bariadi.

Sonara wa Somanda, Sylvester, hakuwa mtu wa maneno. Aliisugua pete kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha asidi juu ya mstari ulioachwa. Mstari ukachemka, ukatoweka.

"Si dhahabu. Shaba."

Masalu alitoka nje kwenda kununua maji, ingawa chupa yake ilikuwa imejaa. Milembe alibaki akikitazama kidole chake kilichopakwa kijani. Bibi alisema dhahabu. Miaka yote, kwa kila mjukuu, dhahabu. Akaipokea pete aondoke zake, na ilipopita kwenye mwanga wa dirisha akaona michirizi ndani yake.

"Fundi, una limau?"

Sylvester alikuwa nalo, na chumvi, na mswaki mkuukuu. Alisugua upande wa ndani, akasuuza, akasugua tena, na sasa yeye mwenyewe alikuwa ameinama kama anayechungulia kisima.

"Hii ilikuwa hela," akasema polepole. "Zamani kulikuwa na hela zenye tundu. Fundi anapanua tundu, anaigonga kidogo kidogo kwenye chuma, hata inasimama kuwa pete. Upande mmoja wa hela unabaki nje, mwingine unaingia ndani. Wa nje umelika kwa kusuguliwa. Wa ndani umesalimika."

"Hela ya nani?"

"Mjerumani alikuwa nazo, na taji. Mwingereza akaja na zake, na taji vilevile. Mwaka ndio utakaosema."

Milembe aliwasha kamera ya simu, akaikuza picha hadi pete ikajaza kioo. Masalu alikuwa amerudi. Alisimama nyuma yao bila kupumua.

"Moja," Milembe akasoma. "Tisa." Tarakimu ya tatu ilikuwa imefunikwa. Ikiwa ni sufuri au moja, kazi imeisha na vigae vya Maduhu vimeshinda. Sylvester alidondosha limau, akangoja, akafuta kwa ncha ya kitambaa. Ukajitokeza mguu mmoja uliosimama, kisha mkono uliopinda.

"Nne," akasema Masalu, wa kwanza kuliko wote. "Dada, ni nne. Arobaini na kitu. Na hizi si pembe za ndovu?"

Zilikuwa pembe za ndovu, alama ya senti kumi ya Mwingereza. Pete haikuweza kuwa na umri zaidi ya hela iliyoizaa, na bibi aliolewa mwaka wa hamsini na nne. Milembe alimkumbatia sonara wa watu, mizani ikaanguka.

Njia nzima ya kurudi aliimba ndani ya kofia ya pikipiki. Walipokaribia Shishiyu akaacha kuimba. Ili kumpa bibi kaburi la Nyanda, ilimbidi amwambie kwamba Nyanda alimvisha senti kumi na kuiita dhahabu.

Bibi alikuwa barazani, mgongo ukutani, karibu na jiko la nje.

"Mwadila, bibi," Milembe akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu, mama yangu. Mmechelewa."

Milembe alimwekea pete kiganjani. Bibi aliizungusha, akapitisha ukucha ndani, akaijaribu kwenye kidole chake. Fundo likakataa, akaihamishia kidole cha mwisho.

"Bibi, sonara ameipima. Amesema..."

"Amesema ni senti." Bibi alicheka kicheko kidogo, cha puani. "Mjukuu wangu, kila masika ilikuwa inanipaka kijani. Nilikuwa naisugua kwa majivu kila Jumamosi, ili Nyanda akiiona kanisani asione haya."

"Hukuwahi kumwambia?"

"Alikuwa amefurahi sana. Ningemwambia nini?" Akaigeuza pete kidoleni. "Mlipoikuta, udongo ulikuwaje?"

"Wa kijivu. Laini."

"Ndiyo majivu yangu. Ukiyapa mgongo ukatazama macheo, mlango wa zizi uko mbele yako. Nilikuwa namsikia akiita ng'ombe." Akanyoosha mkono. "Niinue. Twende."

"Bibi, jua kali. Kesho."

"Kesho mpe Maduhu."

Milembe alimshika kwapani, Masalu akawasha pikipiki. Bibi aliinuka nusu, akasita, akaketi tena. Alipapasa hadi jikoni, akachota majivu kwa vidole viwili, akayatemea mate.

"Ngojeni," akasema, akaanza kuisugua pete.

Masalu akazima pikipiki.